Stenlesi ya kutengenezea kisu: namna ya kuichagua kabla hujawasha grenda

Kisu cha kwanza cha stenlesi nilichotengeneza nilimuuzia mama mmoja anayeparua samaki pale soko la samaki la Feri. Mpini nilitia mninga, bapa nikalisugua kwa msasa mpaka likawa linarudisha sura. Siku ya tatu akanirudishia. Hakugomba hata kidogo. Alichomeka ncha kwenye ubao wake, akasukuma mpini kwa kiganja, kisu kikapinda na kikabaki vilevile kimepinda. "Baba," akasema, "hiki umeniletea kijiko."

Alisema kweli kuliko alivyojua. Kile kipande nilikinunua kwa muuza skrepa aliyeniapia kwamba ni "cha Mjapani", nami nilipoona kinanasa sumaku nikaridhika. Leo ninaamini kilikuwa aina ya 430, bati lile lile linalotengenezewa vijiko vya bei rahisi. Uchome utakavyo, uzamishe utakavyo, hakigeuki kuwa kisu.

Haya ninayoandika ni kwa fundi anayetaka kutengeneza kengee yake mwenyewe, yaani kisu kabla hakijatiwa mpini. Kama umeshafua panga la springi ya gari likakata, hongera, lakini stenlesi ina tabia zake na moto wake. Wengi huanza kwa kuuliza "chuma gani ni bora?" Mimi ningekuuliza kwanza una moto gani. Tutafika huko.

Kromiamu na kaboni

Stenlesi ni chuma kilichotiwa kromiamu, kuanzia kama asilimia 10.5. Kromiamu ikipata hewa hujifunika utando mwembamba usioonekana kwa macho, na ukiukwaruza unajirudisha wenyewe. Ndiyo siri ya kutoshika kutu.

Kisu kinataka pia kaboni, kwa sababu kaboni ndiyo inayokifanya chuma kiwe kigumu baada ya kuchomwa na kupozwa ghafla. Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Kaboni huikamata kromiamu, zikawa chembe ngumu ndani ya chuma. Chembe hizo zinasaidia makali yadumu, ila kromiamu iliyokwisha kukamatwa hailindi tena. Angalia mfano huu: chuma kiitwacho D2 kina kromiamu kama asilimia 12 na kaboni 1.5, na kinashika kutu. AEB-L ina kromiamu 13 na kaboni 0.67, na hiyo ni stenlesi ya kweli. Kwenye kromiamu wamepishana kwa asilimia moja tu. Kwa hiyo muuzaji akikusifia kromiamu, muulize na kaboni ni ngapi.

Harry Brearley alipoipata stenlesi mwaka 1913 kule Sheffield, Uingereza, mji wake ulikuwa mji wa mafundi visu, na bado visu vya mwanzo vilipata jina baya: haviliwi na kutu wala havikati. Wafuaji walizoea joto la chuma cha kawaida, na hiki kilitaka kali zaidi. Zaidi ya miaka 100 baadaye, kosa hilo hilo ndilo nililoliona kwenye karakana nyingi za kwetu, yangu ikiwemo.

Soma jina la chuma

Kabla ya kutoa hela, soma namba. Za Kichina ndizo rahisi: tarakimu iliyo mbele ya Cr ni kaboni kwa sehemu za kumi za asilimia, na iliyo nyuma ni kromiamu. 8Cr13MoV ina kaboni karibu 0.8 na kromiamu karibu 13. 3Cr13 ina 0.3 tu, na makali yake yataisha kabla hujamaliza kitunguu. 9Cr18MoV ni jamaa wa karibu wa 440C. Mjerumani naye huandika X50CrMoV15, ambayo wengine huiita 1.4116: hapo kaboni ni 0.50 na kromiamu 15. Visu vingi vya jikoni vya Ujerumani ni vya chuma hicho.

Namba za Kimarekani hazisemi kitu, hizo ni za kukariri. 304 na 316 ni za masinki, matangi na sufuria. Zina nikeli na hazigandi kwa moto kamwe, yaani haziwi ngumu. 430 nimeshakusimulia. 420 inaganda kidogo. 440 ina watoto watatu, A, B na C, na C ndiye mwenye kaboni nyingi, 0.95 hadi 1.2. Mtu akikuandikia "440" bila herufi, mara nyingi ni A.

Vijiko vilivyopigwa chapa ya 18/8 au 18/10 vinakuambia kromiamu na nikeli. Viache kwenye kabati la vyombo. Na maneno "chuma cha hospitali" yasikubabaishe, hayataji aina yoyote ya chuma.

Ukiokota kwenye skrepa

Ushauri wangu ni usiokote. Kengee moja itakula siku nzima ya kusaga, mikanda ya msasa na umeme. Kufanya yote hayo juu ya chuma usichokijua ni kucheza kamari na mgongo wako. Lakini najua utaokota, hata mimi naokota, kwa hiyo pima hivi.

Anza na sumaku. Isiponasa kabisa, au ikinasa kwa mbali tu kwenye mkunjo, hiyo ni jamii ya 304, rudisha. Ikinasa vizuri usishangilie bado, maana 430 nayo inanasa.

Kisha gusa kwenye grenda, gizani kidogo, ukiwa na springi ya gari pembeni ya kulinganishia. Springi hutoa cheche ndefu, nyeupe, zinazopasuka nyota nyota. 304 hutoa chache, fupi, nyekundu ya machungwa, bila nyota. Stenlesi yenye kaboni huwa katikati: fupi, ila utaona zinagawanyika mwishoni. Jicho litachukua muda kuzoea.

Kipimo ambacho hakidanganyi kirahisi ni tupa. Kata kipande cha ukubwa wa kidole, kichome mpaka kiwe cha machungwa yanayoelekea manjano, kishikilie hapo dakika kadhaa, kizamishe kwenye mafuta. Kikipoa kisugue, halafu pitisha tupa. Tupa ikiuma na kutoa unga, umemaliza, kitupe hicho kipande. Ikiteleza kama juu ya kioo, una chuma cha kufanyia kazi, hata kama hujui jina lake.

Mbali na kununua chuma kipya na kuokota, kuna njia ya tatu ambayo mafundi wengi wanaidharau. Nunua kisu kikuukuu cha bucha, kile kipana kilichonolewa mpaka kikawa chembamba, kisha kikate upya kuwa kisu kidogo cha jikoni. Kiwanda kilishamaliza kazi ya moto. Wewe saga polepole huku unachovya kwenye ndoo ya maji kila mara, kisipate joto la kuunguza vidole. Kwa anayeanza, hiki ndicho kisu cha kwanza ningemshauri atengeneze.

Kisu cha nani, cha kazi gani

Kaa na atakayekitumia. Anakata nini? Analaza kisu wapi usiku? Ananoa na nini? Swali la mwisho ndilo watu hawaulizi.

Siku hizi zipo stenlesi za unga, zinazotengenezwa kwa kuyeyusha chuma, kukirushia gesi kikawa unga, kisha kuukandamiza kwa joto. CPM S30V ya Marekani, iliyotoka mwaka 2001, ina vanadi kama asilimia 4. MagnaCut ya mwaka 2021, iliyobuniwa na Larrin Thomas, ni nzuri kweli kweli: ngumu, haivunjiki ovyo, na kutu inaiogopa. Lakini chembe za vanadi ni ngumu kuliko mawe mengi ya kunolea. Mpe S30V mpishi anayenoa kwenye kinoo cha mtaani au kwenye kitako cha kikombe, atanoa nusu saa na kisu kitamtazama tu. Vyuma hivyo vinataka jiwe la almasi. Kama mteja wako hana, usimtese.

Panga na jembe la kupalilia, endelea na springi. Stenlesi kwenye panga ni gharama bure, na ukiligonga kwenye jiwe ndipo utakapojuta.

Pwani ni habari nyingine. Chumvi, unyevu, magamba, ndimu: kisu cha springi alichokiacha mtu mezani magharibi, asubuhi kina madoa ya kahawia. Mparua samaki anataka bapa jembamba, milimita 1.5 hadi 2, linaloinama na kurudi. Mwenye bucha anataka nene kidogo na laini kidogo, kwa sababu litagusa mfupa kila siku, na ni afadhali makali yalale kidogo kuliko yameguke. Kwa kisu cha jikoni cha nyumbani milimita 2 hadi 2.5 zinatosha kabisa. Unene uliozidi ni ugonjwa wa mafundi wapya. Tunapenda kisu kizito kwa sababu kinaonekana cha maana, kumbe kwenye karoti kinapasua badala ya kukata.

Moto

Hapa ndipo pa kukaa.

Unapofua springi, unachoma mpaka sumaku iache kunasa, unaongeza kidogo, unazamisha kwenye mafuta. Sumaku huachia karibu digrii 770 za Selsiasi, na springi inataka kama 830. Mkaa na mvukuto vinafika hapo bila shida, na jicho la mhunzi linatosha.

Stenlesi za visu zinataka kati ya digrii 1000 na 1100. 440C inachomwa 1010 hadi 1065. AEB-L inataka karibu 1050 hadi 1080. Na si kugusa tu na kutoa: zile chembe za kromiamu na kaboni zinahitaji muda kuyeyukia ndani ya chuma, dakika 10 hadi 15 kwa bapa la milimita 2, na vyuma vingine zaidi ya hapo. Ukipungukiwa joto, kisu kinakuwa laini na kinashika kutu, vyote viwili kwa pamoja, kwa sababu kaboni na kromiamu bado zimejifungia kwenye chembe. Ukizidisha, chembechembe za chuma zinakua na kisu kinakuwa kama biskuti. Kwa jicho huwezi kutofautisha 1040 na 1090. Mimi siwezi, na sijaona anayeweza.

Kwa hiyo unahitaji tanuri la umeme lenye kipimajoto. Huna? Si lazima ulinunue. Tanuri la umeme la mfinyanzi linapita digrii 1200 na mara nyingi lina kidhibiti. Mafundi wa meno bandia wana matanuri madogo yanayofika joto hili, ingawa kisu kirefu hakiingii. Karakana zinazochonga moldi za plastiki hugandisha vyuma vyao, na wengine watakubali kukuchomea ukiwapelekea vipande kadhaa kwa mkupuo. Zungumza nao kabla hujanunua chuma, uliza joto lao la juu ni ngapi na mlango una upana gani. Majibu hayo mawili yanaweza kukuchagulia chuma.

Siku ya kuchoma inakuwa hivi. Kengee inafungwa ndani ya foili ya stenlesi, kingo zinakunjwa mara mbili ili hewa isipenye, maana kwenye joto hilo hewa inakula kaboni kutoka juu ya chuma na kuacha gamba. Usithubutu foili ya jikoni: alumini inayeyuka kwenye 660. Vaa glavu ngumu wakati wa kukunja, kingo za foili ya stenlesi zinachana kama wembe. Kidole changu cha shahada kina alama. Ukishatoa kwa koleo, huchovyi kwenye kitu. Unalaza bahasha nzima katikati ya vipande viwili vinene vya alumini, vya kama sentimita 2.5 kila kimoja, unabana kwa nguvu, unahesabu. Alumini inanyonya joto kwa kasi inayotosha, na kwa kuwa kengee imebanwa, inatoka imenyooka. Mara ya kwanza nilipoona hilo sikuamini. Nilizoea mafuta, moshi na visu vilivyojikunja kama jani la mgomba jua kali, na hapa nafungua foili naona bapa la kijivu, limenyooka, tupa inateleza juu yake.

Hapo hujamaliza. Sehemu fulani ya chuma bado haijabadilika kuwa ngumu kwenye joto la kawaida, na baridi kali ndiyo inayomalizia. Friji ya kugandishia nyumbani, digrii 18 chini ya sifuri, inasaidia kidogo kama utaingiza mara tu kengee ilipopoa. Barafu kavu inafika 78 chini ya sifuri, ni bora zaidi. Bora kuliko zote ni naitrojeni ya maji, 196 chini ya sifuri, ile ile wanayohifadhia mbegu wataalamu wa uhimilishaji wa ng'ombe. Usa River, Arusha, kuna kituo cha taifa cha kazi hiyo. Ukiwahi kuipata, fanyia nje penye hewa, vaa glavu na miwani, wala usifunge mfuniko wa chombo ukaukaza, kitapasuka.

Kisha oveni, ili kisu kisivunjike ovyo: digrii 175 hadi 200, saa mbili, ipoe, saa mbili tena. Oveni za nyumbani ni waongo, weka kipimajoto ndani. Ukitaka kisu cha bucha, panda juu kidogo kiwe na uvumilivu. Usipande kwenye 450 au zaidi kwa kufuata rangi ya buluu uliyozoea kwenye springi, huko kromiamu inakamatwa upya na kutu inarudi.

Mimi ningechukua kipi

Kama umepata moto unaotawalika na hujui uanze na nini, chukua AEB-L. Kampuni ya Uddeholm ya Sweden ilikitengeneza kwa ajili ya nyembe. Chembe zake ni ndogo mno, kwa hiyo kinachukua makali makali hasa, hakimeguki upesi, na kinanoleka kwenye jiwe la kawaida. Kinafika 60 au 61 kwenye kipimo cha ugumu cha Rockwell bila kuvunjika kama kijiti cha kiberiti. 14C28N, pia ya Sweden, inafanana nacho lakini imetiwa naitrojeni kidogo na inavumilia chumvi zaidi. Kwa kazi ya samaki naipenda hiyo. Yule mama wa Feri anacho cha 14C28N, bapa la milimita 2, mwaka wa tatu sasa. Kijiko hajanitajia tena.

440C ilikuwa mfalme enzi zake, na bado inakata muda mrefu. Chembe zake ni kubwa lakini, na ukiipeleka kwenye makali membamba sana inamegukameguka. Niliiacha.

X50CrMoV15 ni ya watu wanaodondosha visu. Isidharauliwe. Ugumu wake ni 55 hadi 57, inabutuka mapema, lakini dakika mbili kwenye jiwe inarudi.

Kama moto wako ni mkaa tu na hakuna wa kukuchomea, jibu langu ni fupi: tumia springi, au kile kisu kikuukuu cha bucha.

Baada ya hapo

Bapa la milimita 2 mimi nalisaga karibu lote baada ya kulichoma, mikono mitupu, bila glavu, ili vidole viniambie joto. Likikuunguza, ndoo. Ukiona ukingo umebadilika rangi, pale pamelegea na hakuna dawa ila kusaga mpaka upapite.

Msasa na brashi ulizotumia kwenye nondo au springi usizilete hapa. Zinabandika vumbi la chuma cha kawaida juu ya stenlesi, vumbi lile ndilo linaloshika kutu, na mteja anakuja kukudai ulimuuzia feki. Na usiache bapa na mikwaruzo mirefu ya msasa wa 60; maji ya chumvi yanakaa humo.

Jaribu kisu kabla ya kukitia mpini. Laza makali kwenye kijiti cha shaba, bonyeza kwa pembe ya kama digrii 15 huku ukiangalia dhidi ya mwanga: ukingo unapaswa kuinama kidogo na kurudi. Ukibaki umelala, ni laini. Ukimeguka, rudisha kwenye oveni uongeze digrii kumi na tano au ishirini. Halafu kifute mafuta yote, kipake ndimu na chumvi, kilale hivyo usiku kucha. Asubuhi osha. Madoa machache ya juujuu yanayotoka kwa kusugua ni vumbi la karakana yako. Vishimo ni moto uliokosewa.

Mwisho, piga alama kwenye mkia wa kengee, mahali mpini utakapofunika: jina la chuma, joto ulilochomea, joto la oveni. Ninavyo visu vitatu hapa nyumbani vinavyokata kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, na sijui ni vya chuma gani.